Kwa nini watu wema walishangilia mashine za chai zilipoteketea

Swali la msomaji: Mimi ni mwalimu wa shule ya upili katika eneo la mashamba ya chai, upande wa Kericho. Mwaka 2023 mashine za kuchuma chai zilipochomwa moto, niliwaona watu ninaowaheshimu wakishangilia, wakiwemo wazee wa kanisa na akina mama ambao sijawahi kuwasikia wakimtolea mtu neno baya. Mpaka leo wanafunzi wangu wananiuliza kama waliochoma walikosea, na kama kuna mahali popote duniani ambapo fujo ziliwahi kuokoa kazi za watu. Naomba unisaidie kuwajibu, kwa maana mimi mwenyewe sina hakika niwaambie nini.

Jibu: Mwalimu, nimelisoma swali lako mara kadhaa kabla ya kushika kalamu, kwa sababu ndani yake mna maswali mawili ambayo watu wengi huyafunga kitita kimoja na kuyajibu kwa hasira. La kwanza linawahusu walioshangilia, yaani walikuwa wakishangilia nini hasa. La pili linawahusu waliochoma, yaani moto wao ulileta nini. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imekwenda katika kusoma habari za wafanyakazi waliovunja mitambo, na jambo moja nimelikuta tena na tena katika kumbukumbu zao: jirani anayeshangilia mtambo ukivunjwa huwa anatoa hukumu juu ya ahadi ambayo, kwa imani yake, ilivunjwa kabla ya mtambo. Usipoijua ahadi hiyo utamwona jirani huyo kuwa katili, na ukiijua utaweza kumweleza mwanafunzi ni wapi hukumu yake ilikuwa ya haki na ni wapi ilipotea njia.

Tuanze nyumbani. Fujo za Mei 2023 zilizuka katika mashamba ya Ekaterra, kampuni ambayo hadi mwaka 2022 ilikuwa biashara ya chai ya Unilever. Mashine tisa ziliteketezwa, mwandamanaji mmoja akapoteza maisha, na askari polisi pamoja na wafanyakazi kadhaa wakajeruhiwa. Waliozisikia habari hizo kutoka mbali walidhani ni ghadhabu ya siku moja, lakini wewe unajua kwamba haikuwa hivyo. Mwaka 2010 wafanyakazi wa mashamba ya chai walikuwa wamekwisha kugoma kupinga mashine hizo hizo, na Machi 2023, miezi miwili tu kabla ya moto, kikosi kazi cha serikali ya kaunti kilikuwa kimependekeza kwamba kampuni zichume asilimia 60 ya chai kwa mashine na kuwaachia watu asilimia 40. Mmoja wa wajumbe wa kikosi hicho alieleza kwamba kazi 30,000 zilikuwa zimepotea katika Kaunti ya Kericho pekee kwa muda wa miaka kumi. Kiberiti, basi, kiliwashwa na watu waliokuwa wamegoma, wakalalamika, wakatoa maoni yao mbele ya kikosi kazi, na bado msimu baada ya msimu wakaziona mashine zikizidi.

Niliwahi kusimama asubuhi moja pembezoni mwa shamba la chai ambako kazi ya mkono na kazi ya mashine zilikuwa zikiendelea katika vitalu viwili vilivyopakana. Upande mmoja walikuwa akina mama, kapu mgongoni na aproni ya plastiki kiunoni kwa ajili ya umande, wakichuma majani mawili na chipukizi lake kwa vidole vilivyokwenda mbio hata macho hayavifuati, kisha wakipeleka kapu kwenye mizani ambako karani aliandika kilo za kila mmoja. Upande wa pili wanaume wawili walikuwa wameshika mashine yenye wembe mrefu na mfuko nyuma yake, mmoja kila upande wa mstari, wakiipitisha juu ya michai kana kwamba wanakunja shuka. Kabla mama yeyote hajajaza kapu lake, mfuko ule ulikuwa umekwisha kujaa na kubadilishwa. Nilichokiweka moyoni ni kwamba hakuna hata mmoja wa akina mama wale aliyeinua uso kutazama upande wa pili, ingawa mngurumo wa injini ulijaa bondeni kote. Nilitambua pia kwamba waendesha mashine wote walikuwa vijana wa kiume, na hilo lina uzito wake, kwa kuwa hesabu ya kazi zilizopotea na kazi zilizopatikana hufanywa kana kwamba mtu aliyeondolewa na aliyeajiriwa ni yule yule.

Sasa nije kwenye ahadi. Kericho haikuzaliwa na chai. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wakipsigis na ukoo wa Watalai katika ardhi yao yenye rutuba. Kampuni ya chai ya Brooke Bond ikaanza kazi yake huko katika miaka ya 1920, na mwaka 1934 Watalai wakahamishwa kwa nguvu hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Madai yao yalifikishwa mwaka 2022 katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mjukuu wa familia iliyofukuzwa amekua akisikia kwamba ardhi ilikwenda lakini angalau kazi ilibaki, pamoja na nyumba ya kampuni, zahanati ya kampuni na shule iliyo kando ya shamba. Hakuna aliyeiandika ahadi hiyo, na pengine hakuna meneja aliyewahi kuitamka, lakini watu waliishi ndani yake kwa vizazi vitatu. Mashine ilipokuja, mjukuu huyo aliiona ardhi ikichukuliwa mara ya pili. Ni lazima niongeze hapa, kwa ajili ya haki, kwamba wachumaji wengi walitoka Kisii na kwingineko Nyanza, kwa hiyo si kila aliyepoteza kazi alikuwa mjukuu wa aliyepoteza shamba. Lakini mtu aliyeachana na shamba la babake ili apate kuishi kwa kapu naye alikuwa ameweka maisha yake rehani kwa ahadi hiyo hiyo.

Wanafunzi wako wataelewa zaidi ukiwapeleka Uingereza ya mwaka 1811, kwa kuwa huko ndiko lilikotoka jina la Ned Ludd, kiongozi wa kubuni wa wavunja mitambo, ambalo siku hizi hutumiwa kumtukana yeyote anayeuliza swali juu ya mashine. Watu hudhani wafuasi wa Ludd waliuchukia utaalamu mpya. Mambo hayakuwa hivyo. Mitambo ya kufuma soksi waliyoivunja Nottinghamshire ilikuwa imebuniwa mwaka 1589. Mafundi wale walikuwa wameitumia wao, baba zao na babu zao kwa zaidi ya miaka mia mbili. Walichokikataa ni matumizi mapya ya mtambo wa zamani. Matajiri walikuwa wakifuma vitambaa vipana, wakavikata na kuvishona viwe soksi ambazo zilifumuka upesi, wakawaweka wanafunzi wasiofunzwa mahali pa mafundi, na kuipunguza mishahara wakati ambapo vita vya Napoleon vilikuwa vimefunga masoko na bei ya mkate imepanda. Machi 1811, baada ya wanajeshi kuwatawanya wafumaji waliokusanyika mjini Nottingham kulalamika, usiku ule ule mitambo zaidi ya 60 ilivunjwa katika kijiji cha Arnold. Katika mashambulizi yaliyofuata wavunjaji walikuwa wakichagua, na mara nyingi mtambo wa tajiri aliyelipa ujira uliokubaliwa uliachwa salama hata kama ulikuwa chumba kimoja na ule uliovunjwa.

Yorkshire hali ilikuwa tofauti kidogo, na inafanana zaidi na ya kwenu. Huko walikuwepo mafundi wa kunyoa kitambaa cha sufu, waliotumia makasi makubwa mno mpaka yakawaotesha sugu kwenye kifundo cha mkono, alama ambayo ilimtambulisha fundi popote alipokwenda. Mashine ya kunyolea iliweza kufanya kazi yao bila mkono wao kabisa. Mafundi hao walianza na sheria: kulikuwa na sheria za kale zilizoizuia mitambo ya aina hiyo, wakachanga fedha nyingi, wakapeleka maombi Bungeni mwaka baada ya mwaka ili sheria hizo zitekelezwe. Bunge likazisimamisha, na mwaka 1809 likazifuta. Kuunda chama cha wafanyakazi nako kulikuwa kumekatazwa tangu mwaka 1799. Ndipo wakachukua nyundo kubwa walizoziita Enoch, kwa jina la mhunzi Enoch Taylor wa Marsden, ambaye karakana yake ndiyo iliyotengeneza pia mashine zenyewe, wakawa wakisema kwamba Enoch amezitengeneza na Enoch atazivunja. Hofu yao haikuwa ndoto. Kati ya mwaka 1806 na 1817 mitambo ya kukwangulia sufu, iliyochukua sehemu nyingine ya kazi yao, katika Yorkshire iliongezeka kutoka 5 hadi 72, na kati ya mafundi 3,378 waliohesabiwa, 1,170 hawakuwa na kazi kabisa na wengine 1,445 walipata kazi ya hapa na pale tu.

Nakuomba utulie kidogo kwenye sehemu inayofuata unapowafundisha, kwa maana ndiyo inayogusa lile ulilolishuhudia. Mwenye kiwanda mmoja wa Marsden, William Horsfall, alikuwa adui mkubwa wa wafuasi wa Ludd, na ilijulikana kote kwamba alisema angependa kupita juu ya farasi katika damu yao hadi ifike kwenye mikanda ya tandiko. Tarehe 28 Aprili 1812 alipigwa risasi njiani akitoka sokoni Huddersfield, na siku chache baadaye akafariki. Taarifa moja ya wakati ule inaeleza kwamba alipoanguka watu walimzunguka wakamlaumu kwa kuwaonea maskini, badala ya kumpa msaada. Ushahidi uliotolewa mahakamani nao unaonyesha kwamba msafiri aliyekuwa nyuma yake alimsaidia na kwamba alipelekwa kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa karibu. Mimi naamini yote mawili yalitokea, kwa sababu ndivyo umati ulivyo. Ilitangazwa zawadi ya paundi 2,000, utajiri wa kupindukia kwa watu waliokuwa na njaa, na bado miezi ikapita kabla ya mmoja wa waliohusika kuwataja wenzake. Kimya hicho cha wilaya nzima kinanisikitisha kuliko shangwe yoyote. Shangwe ya siku moja huweza kuwa ya hasira, lakini kunyamaza juu ya damu ya mtu kwa miezi mingi maana yake ni kwamba watu wamekwisha kuamini kuwa mahakama si yao.

Lakini tazama pia kilichofuata. Mauaji yale hayakuwaletea wanyoaji wa sufu hata siku moja ya kazi. Mashambulizi dhidi ya mitambo ya Yorkshire yalififia, na mahali pake ukaja uporaji wa silaha na fedha uliofanywa na watu ambao baadhi yao hawakuwa na haja na sufu wala na mashine. Wanajeshi wapatao 12,000 walisambazwa katika wilaya zilizokuwa na ghasia. Kuvunja mtambo kulikuwa kumekwisha kufanywa kosa la kunyongwa kwa sheria ya Machi 1812, licha ya hotuba ya mshairi Lord Byron aliyeipinga katika Baraza la Malodi mwezi Februari. Januari 1813 watu 17 walinyongwa mjini York, watatu kwa kumuua Horsfall na 14 kwa makosa mengine, wakiwemo walioshambulia kiwanda cha Rawfolds. Wajane na mayatima waliachwa katika vijiji vile vile vilivyokuwa vimenyamaza.

Swali lako la pili, kama fujo ziliwahi kuokoa kazi, lina jibu ambalo baadhi ya wenzangu hawapendi kulitamka: ndiyo, kwa muda, mahali pamoja ninapopafahamu vizuri. Usiku wa tarehe 28 Agosti 1830, katika kijiji cha Lower Hardres karibu na Canterbury, mashine ya kupura ngano ilivunjwa na vibarua wa mashamba, na katika miezi iliyofuata vurugu zilienea kusini na mashariki mwa Uingereza, zikiandamana na barua za vitisho zilizotiwa sahihi ya Kapteni Swing, jina la kubuni. Kupura kwa fimbo ilikuwa ndiyo kazi ya kibarua wakati wa baridi, miezi ambayo shambani hakuna kingine cha kumlisha, kwa hiyo mashine ile ilikuwa imechukua miezi yake migumu kuliko yote. Safari hii huruma ya umma haikuishia kwa maskini peke yao. Wavunjaji wa kwanza wa Kent walifungwa siku chache tu, na mahakimu wa North Walsham, Norfolk, walitoa tangazo wakiwashauri wakulima waache kutumia mashine na waongeze ujira. Waziri wa Mambo ya Ndani, Melbourne, aliwakemea mahakimu wa namna hiyo, kisha serikali ikaunda mahakama maalumu. Watu karibu 2,000 walishtakiwa, 19 wakanyongwa, na karibu 500 wakasafirishwa kwa meli hadi makoloni ya Australia, ambako wengi wao hawakurudi. Ni kweli kwamba katika wilaya kadhaa mashine za kupura hazikuonekana tena kwa miaka. Kwa hiyo mwanafunzi akisema kwamba fujo hazijawahi kufanya kazi, mwambie zimewahi. Halafu mwonyeshe orodha ya waliolipa, na umuulize kama kuna hata tajiri mmoja ndani yake.

Kuna njia nyingine, na ingawa ina doa lake, ningependa waijue. Mwaka 1960 chama cha makuli wa bandari za pwani ya magharibi ya Marekani, kikiongozwa na Harry Bridges, kilikaa mezani na wenye meli wakati mashine za kupakia na makontena zilipoanza kuonekana gatini. Bridges alitambua kwamba chama chake hakingeweza kuizuia mashine milele, lakini kingeweza kuiuza ruhusa ya kuiingiza. Waajiri walikubali kuweka takriban dola milioni 29 katika mfuko kwa muda wa miaka mitano na nusu. Makuli waliosajiliwa wakahakikishiwa kwamba hawatafukuzwa kwa sababu ya mashine, na wazee wakapewa malipo ya kustaafu mapema. Hakuna winchi iliyochomwa na hakuna aliyenyongwa. Doa lake ni kwamba makubaliano hayo yaliwalinda makuli wenye usajili kamili, na wale wa daraja la pili, vijana waliokuwa wakisubiri kuingia, wakabaki nje ya uzio. Hilo lilikuwa kosa, na ndilo ninaloliogopa zaidi kwa Kericho, ambako kibarua wa msimu hana hata jina katika daftari la kudumu.

Nirudi sasa kwa akina mama uliowaona wakishangilia. Sidhani kama walifurahia moto, na sidhani kama walimtakia mtu yeyote kifo. Nadhani kwa saa chache waliona kitu kilichokuwa kimewafanya wasionekane kikifanywa kisionekane chenyewe. Hisia hiyo naielewa na siwezi kuidharau. Lakini sitawaambia wanafunzi wako kwamba moto ule ulikuwa sawa. Mtu mmoja alikufa, wafanyakazi waliojeruhiwa walikuwa na watoto kama wao, na kuanzia siku ile mazungumzo ya nchi nzima yaliacha kuuliza mchumaji aliyeondolewa alipewa nini, yakaanza kuuliza polisi wangapi wapelekwe. Waambie hivyo bila kuzungukazunguka. Waambie pia, kwa uzito ule ule, kwamba meneja anayeleta mashine yenye uwezo wa kuchukua nafasi ya watu hadi 100 bila kukaa na watu hao kwanza anafanya jambo lenye madhara makubwa, hata kama hakuna kifungu cha sheria kinachomfikia.

Wakitaka kujua cha kudai, cha kudai kipo na kinaweza kuandikwa: kwamba sehemu ya fedha inayookolewa na kila mashine iingie katika mfuko wa walioondolewa, wa kudumu na wa msimu bila kubaguliwa, kwamba nafasi ya kuendesha mashine itolewe kwanza kwa aliyekuwa akichuma kitalu hicho, naye akiwa mwanamke afundishwe kama mwanamume anavyofundishwa, na kwamba familia isitolewe katika nyumba ya kampuni siku ile ile kapu linaporudishwa. Uwiano wa 60 kwa 40 peke yake hausemi lolote juu ya mambo hayo.

Ningekuomba jambo moja zaidi, Mwalimu. Hesabu ya wale wanyoaji 3,378 tunayo kwa sababu wakati ule kulikuwa na watu waliojisumbua kuwahesabu, na bila hesabu hiyo tungeendelea kuaminishwa kwamba waliogopa bure. Wape wanafunzi wako kila mmoja ukurasa wa daftari, waende nyumbani wakamuulize mama, nyanya au jirani aliyechuma chai: alichuma miaka mingapi, siku njema alipeleka kilo ngapi kwenye mizani, aliondolewa mwaka gani, aliambiwa nini siku hiyo, na alipewa nini mkononi. Majina wayaache. Kurasa zikirejea darasani, zijumlisheni pamoja ubaoni, kisha nakala yake ipelekwe kwa chama cha wafanyakazi na kwa mwakilishi wenu katika bunge la kaunti.